Aliyetulia Kuliko Wote

Mkuu wa shule alirudi kutoka kwenye semina ya siku nne akiwa mtu mwingine. Aliondoka akiwa yule yule wa kufoka koridoni na kugonga milango ya madarasa kwa funguo. Akarudi anazungumza polepole, anatabasamu kabla ya kujibu, na mkononi ana kijitabu chembamba chenye jalada la kijani. Jumatatu aliwakusanya walimu, akawaeleza kwamba vichwa vya watoto wa siku hizi vimejaa makelele, na kwamba kuanzia wiki ile watajaribu kitu kipya: kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, dakika kumi za kutulia. Macho yamefumbwa, mgongo umenyooka, akili inafuata pumzi. Aliziita Dakika za Utulivu.

Walimu walitazamana. Aliyefungua mdomo ni mmoja tu, mwalimu wa kemia, mwanamke wa miaka arobaini na nane ambaye wanafunzi walimwita Bi Mizani, kwa kuwa hakukosea hata nusu gramu wala hakumsamehe mtu nusu alama. Alisema dakika kumi kwa siku ni karibu saa nzima kwa wiki, silabasi yenyewe haimaliziki, na kama watoto wana usingizi wakalale kwao. Wenzake walicheka. Mkuu wa shule hakukasirika. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, kisha akamkabidhi kijitabu yeye. Kidato cha pili B, darasa lililowashinda wote, ndilo litakalokuwa la majaribio, na yeye ndiye atakayeliongoza.

"Mdomo wangu umeniponza," alimwambia dada yake jioni ile.

Dada huyo, muuguzi aliyestaafu, waliishi naye nyumba moja tangu mwalimu afiwe na mumewe. Alikuwa anachambua mchele. Alicheka mpaka akaushusha ungo, akasema afadhali umemponza mapema, ungekuja kumponza uzeeni.

Siku za mwanzo zilikuwa vituko. Bi Mizani alisimama mbele ya wanafunzi thelathini na wanane na kijitabu chake, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea kanuni za maabara: "Fumba macho. Hesabu pumzi zako, moja mpaka kumi. Ukifika kumi, anza tena. Akili ikitoroka, irudishe bila kuigombeza." Kengele hakuwa nayo, kwa hiyo alichukua bika moja maabara akawa anaigonga kwa mpini wa kijiko. Wa nyuma walikoroma makusudi. Mmoja alijamba, darasa zima likavunjika mbavu, na dakika kumi zikaishia hapo. Nje walilipa zoezi jina lao: kusinzia kwa kibali.

Lakini wiki ya tatu kitu kilibadilika, na Bi Mizani, mtu wa vipimo, hakuweza kujidanganya kwamba hakukiona. Kelele zilipungua. Wale wawili waliokuwa hawapiti wiki bila kukunjana mashati walianza kukaa benchi moja. Alama za jaribio zilipanda kidogo. Hata yeye mwenyewe, aliyekuwa akiingia darasani amekunja uso kwa tahadhari, alijikuta anazingoja zile dakika. Hakuwahi kufumba macho, kazi yake ilikuwa kuangalia. Lakini kule kuwaona wote wamenyamaza, mabega yakipanda na kushuka, kulimpa raha asiyoweza kuieleza. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na mbili bila kujiuliza ndani ya vichwa vile kuna nini. Sasa alijiuliza, na akaridhika kwamba, chochote kilichomo, kimetulia.

Na hakuna aliyetulia kama yule msichana wa kiti cha dirishani.

Alihamia pale muhula wa pili, miaka kumi na mitano, mwembamba, sare yake imeshonwa vizuri kuliko za wenzake wote kwa sababu mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa fundi cherehani. Hakuwa na rafiki wala adui. Ukimuuliza swali anajibu, usipomuuliza basi. Lakini bika ikigongwa, alikuwa anafumba macho na kuondoka. Ndivyo Bi Mizani alivyojisemea moyoni: anaondoka. Uso unalainika, mikono inalala juu ya dawati, nzi anatua kwenye kope na kope haichezi. Wenzake walimwita Sanamu, na hawakumwita kwa ubaya. Walikuwa wanamwonea gere kidogo.

Bi Mizani alimpenda. Baada ya wiki tano za zoezi alimhamishia kiti cha mbele. "Mtazameni mwenzenu," aliwaambia. "Hivyo ndivyo mtu anavyoitawala akili yake." Msichana aliinamisha macho.

Baadaye, Bi Mizani alipokuwa akiyapanga mambo kichwani kama mtu anayetafuta pale mahesabu yalipomwendea mrama, aliona dalili zote zilikuwepo mezani pake. Msichana aliacha kula chakula cha mchana. Alikuwa anakaa kwenye ngazi za maktaba, macho amefumba. Midomo yake, ukimkaribia sana, ilikuwa inacheza. Katika jaribio la mwisho wa mwezi aliandika jina, tarehe na namba ya swali la kwanza, halafu ukurasa ukabaki mweupe. Alipoulizwa, alisema muda ulimpita. Bi Mizani aliandika sifuri kwa kalamu nyekundu, na kando yake, kwa kuwa alimpenda, akaandika: unaweza zaidi ya hapa.

Alimsimulia dada yake habari za mtoto yule kama mtu anavyosimulia mafanikio yake. Dada alisikiliza, kisha akauliza, huyo mtoto anacheka?

Bi Mizani alifikiri. Hakukumbuka.

"Nilipokuwa wodini," dada alisema, "wagonjwa wanaopiga kelele hawakunitia hofu. Anayelia najua panapomuuma. Waliokuwa wametulia ndio niliowakimbilia."

Bi Mizani alikasirika. Alimjibu kwamba darasa si wodi na utulivu si ugonjwa, akaenda chumbani kusahihisha madaftari. Hakusahihisha hata moja. Lakini maneno yale hakuyafanyia kazi, kwa sababu Alhamisi wageni walikuwa wanakuja.

Walikuja wanne kutoka ofisi ya elimu, na mpiga picha wao. Mkuu wa shule alivaa suti. Viti vyao vilipangwa kando ya ubao, na Bi Mizani akaombwa aongoze zoezi kama siku zote, lakini kwanza awaite mbele wanafunzi watatu wenye kulimudu vizuri. Wawili aliwatafuta kwa shida. Wa kwanza hakumtafuta.

Bika ililia. Darasa likafumba macho. Mpiga picha alizunguka kwa vidole vya miguu, akapiga picha mbili, akachuchumaa mbele ya Sanamu akapiga nyingine tatu. Mgeni mmoja wa kike alimnong'oneza mwenzake, akitikisa kichwa kwa kustaajabu. Dakika kumi zikaisha, bika ikalia tena, watoto wakafumbua macho, wengine wakinyoosha shingo. Sanamu hakufumbua.

Kwanza walitabasamu. Mkuu wa shule alisema kwa sauti ya chini, "Huyu amezama," na wageni wakaguna kwa heshima. Bi Mizani aligonga bika mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Dakika moja ikapita, ikapita nyingine. Nyuma mtu alicheka, akanyamaza mwenyewe. Hapo ndipo Bi Mizani alipoinama karibu na uso wa mtoto, na kwa mara ya kwanza akatega sikio kuisikiliza ile midomo.

Alikuwa anahesabu. "Mia tisa na tatu," alisema kwa pumzi tu. "Mia tisa na nne. Mia tisa na tano." Kisha akameza mate, na badala ya kuendelea akarudi: "Mia saba. Mia saba na moja."

Bi Mizani alimgusa bega. Mkono wa mtoto uliruka ukaushika wake, na vidole vile vyembamba vikambana kama koleo. "Usimshtue," msichana alisema, macho bado amefumba, kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia. "Bado anapumua."

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mkuu wa shule aliwatoa wageni nje, akiwaeleza kitu kuhusu kina cha zoezi. Wanafunzi walitolewa uwanjani. Bi Mizani alipiga magoti sakafuni, mkono wake umeshikwa, akawa anamwita mtoto kwa jina lake halisi mara nyingi asizozihesabu, hadi macho yakafunguka. Msichana alimtazama kama anayemtazama mtu kwenye dirisha la gari linalopita. Halafu alielewa yuko wapi, akalia. Hakulia kama mtu aliyeokolewa. Alilia kama mtu aliyenyang'anywa.

Mama mdogo aliitwa kwa simu akaja kumchukua, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yake. Wageni walipoondoka, Bi Mizani alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule bila kubisha hodi. Aliuliza swali moja: mtoto huyu ametoka wapi?

Mkuu wa shule alifungua kabati, akatoa faili, na ndani ya faili barua ya ukurasa mmoja kutoka shule ya zamani. Bi Mizani aliisoma akiwa amesimama. Mwaka uliotangulia, jengo la ghorofa nne liliporomoka alasiri moja. Kila mtu alizisikia habari zake redioni, naye alizisikia, akasikitika, akaendelea na shughuli zake. Msichana huyu na mdogo wake wa miaka saba walikuwa chumbani ghorofa ya pili. Yeye alitolewa baada ya kukaa chini ya kifusi kwa muda wa saa kumi na nne. Mdogo wake alitolewa pamoja naye, mkono wake mkononi mwa dada yake, amekwisha kufa. Mama yao alikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali.

"Ulikuwa unajua," Bi Mizani alisema.

Alijua. Alieleza kwamba aliificha barua kwa nia njema, ili mtoto asije akanyooshewa vidole na kuitwa yule wa kifusini. Na aliposoma kile kijitabu, alidhani kama kuna mtoto mmoja shuleni anayehitaji kutulia, ni huyo. Alisema hayo kwa sauti yake ya zamani, ile ya kabla ya semina, na Bi Mizani aliona kwamba mtu huyu naye ameingiwa na hofu. Alitaka kumpasha, akajizuia, kwa sababu aliyemweka mtoto kiti cha mbele ni yeye, si mkuu wa shule. Aliirudisha barua mezani akatoka.

Kesho yake alasiri alikwenda kwa fundi cherehani. Kilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba, mashine mbili, vitambaa vimekunjwa hadi darini, na msichana mwenyewe alikuwa amelala chumba cha ndani. Mama mdogo alimkaribisha kiti akaendelea kushona, kwa vile mikono ikisimama angelazimika kuzungumza. Alizungumza hata hivyo, kidogo kidogo, baina ya pindo na pindo. Alisema baba yao aliondoka zamani. Dada yake, mama wa watoto, baada ya mazishi alishindwa kumtazama binti usoni. Alikwenda kukaa kwa shangazi yake mji mwingine, akasema atarudi akipata nguvu. Ni miezi kumi na moja sasa. Humu ndani jina la marehemu halitajwi. Picha zake zimefungiwa. Yeye mama mdogo ndiye aliyeweka sharti hilo, ili mtoto asahau.

"Akirudi shule anakaa kitandani amefumba macho," alisema. "Mimi nilidhani anasali, mwalimu. Nikafurahi."

Walikaa wakisikiliza mashine. Bi Mizani alimwambia kwamba na yeye alifurahi.

Jumatatu msichana alirudi shuleni. Bi Mizani hakumpeleka darasani; alimwomba amsaidie kuosha vyombo maabara. Alikuwa hana mpango wowote, ila alijua kwamba mikono ikiwa ndani ya maji ulimi hulegea. Waliosha mirija ya majaribio kwa brashi ndefu, mmoja anasugua, mwingine anasuuza na kuipanga kichwa chini. Mrija wa ishirini au zaidi ndipo mwalimu alipouliza, kwa nini unaanzia mia saba.

Msichana alisugua mrija ule ule kwa muda mrefu.

Alieleza kwamba mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Panzi kwa kurukaruka, alikuwa anaogopa giza. Kule chini kulikuwa na giza la kutoona hata pua. Kwa hiyo alimwambia wahesabu pumzi, na wakifika elfu moja watu watakuja kuwatoa. Panzi alihesabu naye mpaka mia mbili na kitu, kisha akachoka, akamwambia dada ahesabu yeye. Akawa anahesabu pumzi za Panzi, maana alizisikia zikimgonga shingoni. Alipofika mia tisa na sita, ikawa hiyo ndiyo ya mwisho. Aliendelea kuhesabu zake mwenyewe mpaka elfu, na hakuna aliyekuja.

"Shuleni muda ni dakika kumi tu," alisema. "Nikianza moja siwahi kufika. Naanzia mia saba, naenda mpaka mia tisa na tano, halafu narudi nyuma. Namsikia, mwalimu. Siyo kwamba namkumbuka. Namsikia hapa." Alijigusa shingo kwa mkono wenye povu. "Siku ile ulinigusa ndiyo kwanza nimerudi nyuma. Nusura nimpoteze."

Bi Mizani alikuwa amesoma kitabu kizima cha kurasa arobaini kuhusu kuifuata pumzi, na ndani yake hamkuwa na sentensi hata moja ya kumjibu mtoto huyu. Akafanya alilofikiri ndilo la busara. Alimwambia, kwa upole wote aliokuwa nao, kwamba kuanzia leo hatakaa tena kwenye zoezi, wala maktaba, wala nyumbani. Kwamba atatafutiwa mtu wa kuzungumza naye. Kwamba ile sauti si ya Panzi, ni akili yake inamchezea.

Msichana aliuweka mrija kwenye kishikio bila kuuvunja. Hakupandisha sauti.

"Basi sasa umemuua wewe," alisema, akajifuta mikono kwenye sketi, akatoka.

Siku tatu hakuonekana shuleni, na siku ya tatu, asubuhi, mama mdogo alikuja mwenyewe getini baada ya kupigiwa simu na shule, amevaa viatu visivyofanana. Mtoto alikuwa anaaga kila siku na sare yake na mkoba wake. Hakuwa anafika. Bi Mizani alimwomba mwalimu wa jiografia amshikie vipindi, akampigia simu dada yake, na dada, ambaye hakuwahi kumwambia nilikwambia, aliuliza tu: hilo jengo lilikuwa mtaa gani?

Bi Mizani na mama mdogo walimkuta huko. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa mabati, lakini bati moja lilikuwa limekunjwa na watu wa kupita njia ya mkato. Vifusi vilishasombwa, kilichobaki ni sakafu ya chini yenye vigae vya rangi mbalimbali, kila chumba rangi yake, na nondo zimekatwa usawa wa magoti. Magugu yalikuwa yameota katikati. Msichana alikaa kwenye vigae vya buluu, mkoba mapajani. Macho yake yalikuwa wazi.

Mama mdogo alitaka kumkimbilia. Bi Mizani alimshika mkono, wakatembea. Walikaa chini, mmoja huku, mwingine huku, juu ya vigae vilivyokuwa vimepata joto la jua. Hakuna aliyemwambia ainuke. Nje ya mabati muuza ndoo alipita akinadi, akapotea.

"Nimejaribu siku zote tatu," msichana alisema hatimaye. "Simsikii tena. Nahesabu, lakini ni pumzi zangu."

Bi Mizani alifungua mdomo, na safari hii akaufunga. Aliona kwamba jambo lolote atakalosema litakuwa limetoka kwenye kijitabu, au kwenye hofu yake. Alimwambia ukweli mmoja tu aliokuwa nao: kwamba alisema ile sauti si ya Panzi, naye Panzi hakumjua, na hakuwa na haki hiyo. "Simjui mdogo wako," alisema. "Hakuna aliyeniambia alikuwa mtoto wa namna gani."

Aliyemjibu ni mama mdogo, akizitazama nondo, si mtu.

"Alikuwa anaogopa maji yule," alisema. "Ukitaka kumwogesha mpaka umkimbize mtaa mzima. Mara moja alikimbia uchi mpaka dukani."

Msichana aligeuka kumtazama kama mtu aliyesikia ukuta unazungumza.

"Alikuwa haogopi maji," alisema. "Alikuwa anaogopa sabuni. Ilimwingia machoni."

"Aa. Sabuni."

"Na hakukimbilia dukani. Alikwenda kujificha kwa fundi viatu, chini ya meza. Fundi akamvalisha kiatu kimoja cha mzee."

Mama mdogo alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, na akaendelea kusema huku analia: jinsi Panzi alivyokuwa anakula vifungo vya nguo, alivyomwita yeye mama wa pili kwa sababu hakuelewa mdogo maana yake nini. Msichana alimsahihisha kila mara. Alimsahihisha kwa hasira, sauti inapanda, kana kwamba amekaa mwaka mzima akingoja mtu akosee ili apate kumsahihisha. Alipolia, mama mdogo alimvuta kifuani, na Bi Mizani akainuka akaenda kusimama kwenye lile bati lililokunjwa, awaachie nafasi.

Kwa mtu atakayependa kusikia kwamba mambo yalinyooka, hayakunyooka. Ripoti ya wageni ilikuja imejaa sifa, na picha ya Sanamu amefumba macho ikatundikwa kwenye ubao wa matangazo koridoni. Bi Mizani aliing'oa mwenyewe mchana kweupe, akaikunja akaitia mfukoni. Alimwambia mkuu wa shule kwamba yeye haliongozi tena zoezi hilo namna ile. Kama ni kutulia, basi anayetaka kufumba macho afumbe, anayetaka kuyaacha wazi ayaache, anayetaka kuchora achore, anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa, na mwalimu ajue kwanza habari za kila mtoto aliyemkalisha. Walibishana kwa wiki mbili. Mwishowe mkuu wa shule alikubali kwa darasa la B tu. Kwingine zoezi liliendelea kama kijitabu kinavyosema, na Bi Mizani akipita kwenye madirisha yale na kuona safu za nyuso zilizofumba macho, alikuwa anatembea haraka. Kweli wengi wao liliwasaidia. Hilo hakulikataa. Lakini sasa kila uso uliotulia ulimtia wasiwasi, na raha ya zamani haikumrudia.

Dada muuguzi alitafuta kwa wenzake wa zamani, akapata mtaalamu hospitalini, mama mmoja wa makamo, na kila Jumatano msichana alikwenda, mara nyingine kwa hiari, mara nyingine kwa kusukumwa. Kemia alifeli mwaka ule. Picha za Panzi zilitolewa sandukuni, mbili zikabandikwa juu ya cherehani. Mama yao alipigiwa simu, akaelezwa. Alilia, akasema atakuja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi haukumleta.

Msichana hakumsamehe Bi Mizani kwa maneno, wala Bi Mizani hakuomba. Wakati wa zile dakika kumi alitoka nje, na kwa kawaida alikwenda kukaa karibu na mabomba ya maji, mgongo kwenye ukuta. Siku nyingine alisoma. Siku nyingine alizungumza na msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliyekuwa na tabia ya kuchelewa. Na siku nyingine, Bi Mizani akichungulia dirishani, alimwona amefumba macho, mikono imelala mapajani, na kwa mbali vile hakuweza kupambanua kama amepumzika tu juani kama mtoto yeyote, au ameondoka.

Siku kama hizo aliliacha darasa na kalamu zao, akatoka, akavuka uwanja. Alisimama karibu, asimguse, akamwita taratibu kwa jina lake.

Mara nyingi msichana alijibu, "Nipo, mwalimu." Pale alipokosa kujibu, Bi Mizani aliketi chini kando yake, kwenye saruji yenye maji maji, akawa anamwangalia usoni mpaka atakapofumbua.